Yaya anasema tulivuka mpaka, mimi nasema tulikwenda Sake

Mwezi uliopita niliuliza katika ukurasa huu: ni jambo gani unalikumbuka barabara, na mwenzako aliyekuwa pale pale analikana? Kumbe nyumba za Goma zina ugomvi mwingi kiasi hiki! Barua zimekuja, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi za kaye, yaani daftari, zilizochanwa, nyingine ni ujumbe wa simu usio na nukta wala mkato. Zinazohusu vita na watu waliopotea sizichapi. Wenyewe nitawajibu kwa faragha. Katika zilizobaki nimechagua chache. Majina nimeyaondoa na maneno nimeyapunguza, ila hasira za wenye barua nimeziacha zilivyo.

Jambo Mama Mwalimu. *Sisi ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja. Volkano ya Nyiragongo ya 2002 ilinikuta nina miaka sita, yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, kumi na mmoja. Yeye huwasimulia watoto wetu kwamba tulivuka mpaka wa Petite Barrière tukalala Gisenyi, Rwanda, mama amembeba mdogo wetu mgongoni na sufuria kichwani. Mimi nakumbuka tulikwenda Sake, upande wa magharibi. Nikifumba macho naiona njia yote: watu wamejaa barabarani, wanamulika kwa tochi za simu, mbuzi wanalia, na nyuma yetu mbingu ni nyekundu. Mama ameshatutoka, hakuna wa kumuuliza. Kwenye matanga yake tulibishana mbele ya wageni mpaka wajomba wakatunyamazisha. Yaya aliniita mwongo. Sema wewe, nani mkweli?* — Mdogo mtu, Katindo

Mdogo wangu, rudi kwenye sentensi yako ya tochi za simu. Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002, nani mjini Goma alikuwa na simu ya kumulikia njia? Wenye simu walihesabika, na simu zenyewe zilikuwa za kupiga na kupokea, basi. Usiku ambao watu wa mji huu walitoka majumbani wakimulika kwa simu, mbingu ikiwa nyekundu nyuma yao, ni ule wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, gavana wa kijeshi alipoamuru kartye (mitaa) kumi kati ya kumi na nane za Goma zihame, barabara ya Sake ilijaa watu, mbuzi na magodoro. Wakati huo wewe hukuwa mtoto tena, ulikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitano.

Sisemi kwamba mwaka 2002 hamkwenda Sake. Nasema picha unayoiona ukifumba macho imechanganya safari mbili, na wewe mwenyewe huwezi kuona moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Wala si ubongo wako peke yake. Tukio likitokea, halihifadhiwi zima mahali pamoja. Yaliyoonekana yanashughulikiwa sehemu moja ya ubongo, yaliyosikika sehemu nyingine, hofu inapita kwenye kisehemu kidogo kiitwacho amigdala, na sehemu nyingine, hipokampasi, ndiyo inayoviunganisha vipande hivyo ili baadaye viweze kuitwa pamoja. Ukiulizwa baada ya miaka, hakuna sanduku linalofunguliwa. Unapika upya, kama mtu apikaye sombe ya mama yake kwa mawese na sambaza alizozikuta nyumbani leo, kisha akaonja na kuapa kwamba ladha ni ile ile ya utotoni. Pale palipo na pengo, panajazwa na kitu kinachofanana: ulichosikia redioni, picha uliyoonyeshwa, safari nyingine ya barabara ile ile.

Utaniambia: hayo ni ya mambo madogo madogo, siku ya volkano haisahauliki. Hata wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 1977, mwaka ule ule ambao Nyiragongo ilimwaga ziwa lake la lava kwa chini ya saa moja, Wamarekani wawili, Roger Brown na James Kulik, walichapisha utafiti kuhusu namna watu walivyokumbuka saa waliyopata habari ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963. Watu walitaja walipokuwa, waliyekuwa naye, aliyewaambia, hata walichokuwa wakifanya kwa mikono. Brown na Kulik wakapendekeza kwamba ubongo una utaratibu wa pekee wa kunasa nyakati kama hizo. Ila hawakuwa na karatasi yoyote ya 1963 ya kulinganisha na maneno hayo.

Karatasi zilipatikana mwaka 1986. Tarehe 28 Januari chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser, profesa wa Chuo Kikuu cha Emory, akawapa wanafunzi karatasi waandike: habari ilikukuta wapi, ulikuwa na nani, nani alikuambia? Akaziweka. Zaidi ya miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwauliza tena wanafunzi 44 wa kundi lile lile. Kama robo yao walikosea kila jambo kubwa. Mmoja aliyeandika kwamba habari ilimkuta darasani sasa alieleza kwa ufasaha jinsi alivyoiona kwenye televisheni chumbani, pamoja na mwenzake wa chumba. Na walikuwa na hakika! Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikuwarudia. Wapo waliokubali kwamba mwandiko ni wao, lakini wakakataa kwamba mambo yalikwenda hivyo.

Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 kule Marekani, Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke walifuata njia hiyo, wakaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: waliwauliza wanafunzi wale wale kuhusu tukio la kawaida la siku zile pia. Kadiri muda ulivyopita, kumbukumbu za siku ya kutisha ziliharibika sawasawa na zile za kawaida. Tofauti ilikuwa kwenye imani. Ya siku ya kutisha watu waliiona wazi machoni na kuiamini, ya kawaida walikubali kwamba imefifia.

Sasa nimgeukie yaya wako, kwa sababu najua utampelekea ukurasa huu, au yeye atakuletea. Hadithi yake nayo haiko salama. Sufuria kichwani imo katika kila hadithi ya kukimbia niliyowahi kusikia mjini hapa, na sidhani kama kila mama wa Goma alikumbuka sufuria. Yaya amewasimulia watoto mara nyingi, na anayesimulia mara nyingi huishia kukumbuka masimulizi yake ya mwaka jana kuliko siku yenyewe. Ni kweli kwamba miaka kumi na mmoja inakumbuka vizuri kuliko sita. Hilo nampa. Zaidi ya hapo simpi.

Kuna jambo moja lisilotegemea kichwa chake wala chako. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mji ukagawanyika. Waliokuwa mashariki walivuka kwenda Gisenyi. Waliokuwa magharibi, na wakachelewa kutoka, walikuta njia ya mpakani imekatwa, wakaelekea Sake. Barua yako imetaja Katindo, lakini haisemi kama mwaka ule mlikuwa mnaishi hapo hapo, wala mlitoka saa ngapi. Hayo mawili yana uzito kuliko mbuzi wote unaowasikia wakilia.

Fanyeni hivi. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake bila kumwonyesha mwenzake: tuliishi avenyu gani, tulitoka saa ngapi, tulilala kwa nani, tulirudi lini tukakuta nini. Halafu mtafuteni jirani wa zamani, au mmoja wa wajomba wale wale, na mmuulize, “Mwaka ule tulikwenda wapi?” Msimuulize, “Si tulikwenda Sake?” Swali la namna hiyo linamlisha mtu jibu kabla hajafungua kinywa. Na yaya aliondoe lile neno “mwongo” mbele ya watu waliolisikia. Mwongo anajua kwamba anadanganya.

Mama Mwalimu, *mimi ni fundi wa kushona, Birere. Usiku mmoja niliporwa begi na simu karibu na nyumbani. Sura ya kijana yule niliiona kidogo tu, kwenye taa ya pikipiki iliyokuwa inapita. Kesho yake vijana wa avenyu wakaniletea kijana: “Huyu ndiye, sivyo?” Nikasema nadhani ni yeye. Wakampiga, kisha akapelekwa akafungiwa. Imepita miezi. Nikiuwaza usiku ule naiona sura yake wazi kabisa, hata kovu la shavuni. Lakini watu wa kwao wanasema siku hiyo alikuwa Minova. Karibuni nitaitwa kutoa ushahidi. Nina hakika, ila usingizi sipati. Niseme nini?*

Siku ya kwanza ulisema “nadhani”. Leo unasema “nina hakika”, na kovu limeongezeka. Katikati ya siku hizo mbili hukumwona mwizi mara nyingine. Uliyemwona ni kijana uliyeletewa, mchana kweupe, karibu na uso wako, akipigwa. Sura unayoiona sasa ukiuwaza usiku ule inaweza kabisa kuwa sura ya mchana ule.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Wengine waliulizwa “yalipogongana”, wengine “yalipopondana”. Filamu zilikuwa zile zile. Walioulizwa kwa neno “kupondana” walikadiria wastani wa kilomita 66 kwa saa hivi, wenzao wa “kugongana” kama 55. Katika jaribio la pili waliitwa tena baada ya wiki moja, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo. Katika watu 50 wa “kupondana”, 16 waliviona. Katika 50 wa “kugongana”, walioviona ni 7. Neno moja tu, fundi wangu, na wewe ulipewa sentensi nzima: huyu ndiye, sivyo?

Nilipokuwa nafundisha pedagojia, nilikuwa nampanga kijana wa darasa jingine aingie ghafla katikati ya somo, achukue kitu mezani, aseme neno, atoke. Nilimtaka avae nguo za nyumbani. Kisha nawaambia wanafunzi waandike walichoona. Kila mwaka walikuwapo waliomvika shati jeupe na suruali ya bluu, kwa kuwa anayeingia darasani kwetu huvaa hivyo. Na nikiwaacha wazungumze kabla ya kuandika, darasa zima lilikuwa linakuja na kijana mmoja, aliyekubaliwa na wote, ambaye hakuwahi kuingia.

Kisa kinachokuhusu zaidi ni hiki, ingawa ni kizito. Mwaka 1984, huko Burlington katika jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson alibakwa na mtu aliyeingia nyumbani kwake usiku. Wakati wa unyama ule alijilazimisha kuisoma sura ya mtu huyo ili siku moja amtambue. Alionyeshwa picha akamchagua Ronald Cotton, kisha akaonyeshwa watu waliopangwa mstari akamchagua tena Cotton, na polisi wakamthibitishia kwamba amechagua vema. Mahakamani hakutetereka. Baadaye kesi iliporudiwa, aliletwa mbele yake mtu mwingine, Bobby Poole, akasema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 kipimo cha vinasaba kilionyesha kwamba mbakaji alikuwa Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Mama yule hakudanganya hata neno moja.

Kwa hiyo usingoje kuitwa. Nenda parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, sasa hivi ukaombe maneno yako yaandikwe upya, yote: mwanga ulikuwa wa namna gani, uliiona sura kwa muda gani, ulisema “nadhani”, na kabla ya hapo vijana walikuambia nini. Taja kwamba kovu hukulitaja siku ya kwanza. Watu wa Minova nao waulizwe. Vijana wa avenyu watakukasirikia, na watasema umehongwa. Waache waseme. Kijana yuko ndani kwa neno lako, na neno lako lilikuwa “nadhani”.

Mama Mwalimu, *nakusoma kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba. Unatutisha bure. Wazee wetu hawakuandika kitu, na walikumbuka nasaba za wafalme, mipaka ya ardhi, nani alimwoa nani. Ni shule na simu zilizotuharibu vichwa. Mzee wangu ni Mluba, hakusahau kitu hadi anakufa.*

Baba, kwa kuwa ni Mluba umenirahisishia kazi. Wazee wa Kiluba hawakuyaacha mambo ya wafalme yaelee kichwani tu. Walikuwa na lukasa: ubao unaoshikika kwa mkono, uliopambwa kwa shanga, kome na alama za kuchonga. Mtu wa chama cha Mbudye aliushika mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia, na kila ushanga ulimkumbusha mfalme, safari, mahali patakatifu. Huyo alifundishwa, na alipanda ngazi za chama kabla ya kuruhusiwa kuusoma. Huo ni uandishi wa aina yake, nao ulikuwa na wenye kazi yake. Wazee walijua kwamba kichwa kinahitaji kushikwa mkono.

Halafu watu wawili wenye lukasa ile ile hawakusimulia neno kwa neno. Msimulizi alipima aliyekaa mbele yake na jambo lililowakutanisha. Sioni aibu katika hilo. Historia ilikuwa inatumika kutatua mambo ya watu walio hai. Lakini usiniambie kwamba ilibaki bila kuguswa. Mwingereza Frederic Bartlett aliwapa watu wa Cambridge hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, akawataka waisimulie tena na tena kwa nyakati mbalimbali, na matokeo akayachapisha mwaka 1932. Kila mara hadithi ilikuwa fupi zaidi na ya Kiingereza zaidi. Mitumbwi ikawa mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mizuka, ambayo ndiyo ilikuwa kiini cha hadithi, ikaanza kutoweka kwa kuwa haikuwaingia akilini. Watu wa shule, wenye vitabu, na bado waliipinda. Tukipinda sisi, tutakuwa tumefanya la ajabu gani?

Kuhusu mzee wako asiyesahau kitu: ulijuaje? Alichosahau hakukuambia.

Jambo Mama. *Mimi ni finalisti, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, naishi Ndosho. Mtihani wa serikali unakaribia. Nasoma kaye ya biolojia usiku kucha, nafunga kaye najua yote, wiki ikipita kichwa ni cheupe. Kuna mtu anauza vidonge vya kumbukumbu sokoni. Ninunue?*

Hapana. Hela ya vidonge nunua mishumaa au kula.

Unapofunga kaye ukajiona unajua yote, unachokijua ni sura ya kaye yako. Umezoea kurasa, ukafikiri umeshika somo. Wanasaikolojia wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima hilo mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma andiko fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine lililisoma katika kipindi kimoja, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika yote linayoyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vyote vinne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, wao walikumbuka asilimia 40 hivi, na wale waliojiuliza wenyewe asilimia 61. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo soma ukurasa, funga kaye, chukua bic na karatasi mbovu, andika ulichobaki nacho. Utaona uchungu, utajiona mjinga. Uchungu huo ndio unaofanya kazi. Fungua tena, angalia ulichoacha, endelea. Somo lile lile lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu nne, kisha wiki ijayo, badala ya kulimaliza lote usiku mmoja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hutoroka katika saa za mwanzo na siku ya kwanza, na kwamba marudio yaliyotawanywa yanashinda yaliyorundikwa. Hakuna aliyempinga kwa haki tangu hapo.

Na ulale. Yaliyosomwa mchana ubongo unaendelea kuyapanga usiku, ukiwa umelala. Ukikesha unaufukuza kazini. Kama nyumbani kuna kelele na wadogo wengi, mpe mdogo wako kaye akuulize maswali. Yeye atacheka ukikosea, wewe utashika.

Mama Mwalimu mpendwa, *mama yangu ana miaka themanini na kitu. Anasimulia volkano ya 1977 kama jana, anataja hata majina ya majirani wa wakati ule. Lakini anauliza kama amekula wakati sahani iko mbele yake. Ndugu wanasema anajifanya, akumbuke ya zamani asahau ya leo?*

Hajifanyi. Waambie ndugu nimesema mimi.

Kupokea jambo jipya na kulitunza la zamani ni kazi mbili tofauti. Tulilijua hili kwa gharama ya mtu mmoja, Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kumtibu kifafa, na daktari akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 karibu hakuna jambo jipya lililomkaa. Alizungumza nawe vizuri, ukitoka ukarudi anakusalimia upya kama mgeni. Utoto wake aliukumbuka. Na Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka, alimpa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku aliapa kwamba kazi hiyo hajawahi kuiona. Ndiyo maana mama yako anaweza kusahau chakula cha mchana na bado akachambua maharage kwa kasi kuliko wewe. Mpe maharage.

Lakini usikae na jibu langu tu. Mpeleke kwa daktari, kwa sababu kuna usahaulifu unaotibika: tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, hata masikio yaliyopungua nguvu. Beba dawa zake zote, pamoja na zile za majani, umwonyeshe daktari. Na nyumbani mkomesheni yule mjomba anayemuuliza kila Jumapili, “Unanikumbuka mimi ni nani?” Aingie, ajitaje jina, amsalimu, akae.

Zilizobaki nazijibu kwa kifupi.

*Ni kweli tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo?* Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mwili haulishi hivyo kitu kilicholala.

*Naingia chumbani nasahau nilichofuata. Ni uzee? Nina miaka 34.* Si uzee. Ulipokuwa unatembea ulikuwa unawaza jambo jingine. Rudi pale ulipokuwa umesimama wakati wazo linakujia, mara nyingi litakungoja hapo. Ukiona unapotea njia ya kwenda kwako, hapo ndipo uniandikie tena.

*Katika likelemba yetu, mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu, wawili wanaapa kwamba hawajapokea zamu ya Machi, na mwenye kutunza fedha anaapa kwamba amempa mmoja wao.* Wote watatu wana hakika, naona. Kaye inasema nini? Barua yako ya kurasa mbili haitaji kaye popote. Zamu inayogombaniwa wagawane nusu kwa nusu, wanune, yaishe. Kuanzia mwezi ujao anayepokea atie sahihi palepale, na wawili waliopo watie zao chini yake, na kaye isilale nyumbani kwa yule anayetunza fedha.